Kopi Si Wizi: Bendi za Kampala na Uhuru wa Kuugeuza Wimbo

Kila mjadala wa kuirekebisha Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 unapopamba moto hapa Uganda, lawama huishia kwa bendi za baa. Watunzi husema bendi hizo zinakula jasho lao: zinapanda jukwaani kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, zinapiga nyimbo za watu hadi usiku wa manane, zinalipwa, na mwenye wimbo haambulii hata soda. Wenye baa nao wameingiwa na wasiwasi, wanaulizana kama ipo siku askari ataingia ukumbini katikati ya rumba na kuamuru magitaa yazimwe kwa kuwa wimbo una mwenyewe. Wapo pia mashabiki, wengi wao vijana, wanaoufurahia wasiwasi huo. Kwao bendi inayopiga kopi, yaani nyimbo za wengine, ni kundi la watu walioshindwa kutunga, na sheria kali itawatia adabu.

Mimi naona pande zote tatu zinapigana na kivuli. Sheria ya hakimiliki inadai malipo, haidai ukimya. Na kopi yenyewe, hasa ile inayouhamisha wimbo kutoka mtindo mmoja kwenda mwingine, kantri ikageuka rumba, kadongo kamu, muziki wetu wa gitaa moja na masimulizi, ikageuka rege, wimbo wa kanisani ukaingia sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ina ubunifu kuliko mengi tunayoyapigia makofi. Kama kuna anayeua muziki wa jukwaani Kampala, ni msanii mwenye nyimbo zake mwenyewe anayepanda na CD, ikawashwa, naye akachezesha midomo. Huyo hatumsemi sana. Mabango yake ni makubwa mno.

Tuanze na sheria, maana mkanganyiko ulizaliwa hapo. Ndani ya kile tunachokiita wimbo kuna mali mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, yaani sauti iliyopikwa studio. Bendi ikipiga wimbo wa mtu jukwaani haigusi rekodi hata kidogo, inagusa utunzi. Sheria yetu inampa mtunzi haki ya kuruhusu utunzi wake uchezwe hadharani, na kwa kuwa hakuna mtunzi anayeweza kuzunguka kila baa kutoka Arua hadi Kabale akidai chake, kazi hiyo hukabidhiwa chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi. Sisi tunacho chama hicho, UPRS, tangu mwaka 1985. Vyama vya aina hiyo hufanya kazi kwa namna inayofanana duniani kote: mwenye ukumbi hulipia leseni, leseni humruhusu kupigisha nyimbo zote zilizo chini ya chama, kisha chama huwagawia watunzi. Mpiga gitaa hatakiwi kumpigia mtunzi simu saa tatu usiku kuomba ruhusa kabla ya kugusa nyuzi. Anayedaiwa ni mwenye ukumbi, kwa sababu ndiye anayeuza bia kwa mgongo wa wimbo. Kwa hiyo ukisikia bendi inaitwa mwizi, uliza kwanza kama baa ina leseni. Mara nyingi utakuta mwizi, kama yupo, amekaa kaunta.

Halafu kuna dhana kwamba kopi ni tabia tuliyoletewa na mahoteli ya wakoloni na ikatulemaza. Historia ya hapahapa Buganda inasema vingine. Ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, pale Mengo ilikuwa na wapigaji wa kila namna, na wimbo haukuwa mali ya ala moja. Wimbo uleule uliweza kuimbwa na mtu mmoja kwa kinubi cha ennanga, ukahamia kwenye amadinda, marimba ya vibao 12 inayopigwa na watu watatu, ukafika hadi kwenye entenga, ngoma 15 zinazohitaji wapigaji sita, 12 kati yake zikiwa zimepangwa sauti kama marimba. Kila uhamisho ulidai akili. Kwenye amadinda wapigaji wawili hufumana: kila mmoja ana nusu yake ya melodi, noti za huyu zikiingia katikati ya noti za yule kwa kasi, na wa tatu anaokota noti mbili za chini kila zinapojitokeza na kuzirudia kwenye vibao viwili vya juu kabisa. Mwimbaji hayupo tena. Msikilizaji anayeyajua maneno ndiye anayeyasikia humo ndani, na asiyeyajua anasikia kitu kingine kabisa, kizuri vilevile. Ni kopi gani ya baa iliyosafiri mbali hivyo kutoka asili yake? Wala sijasikia Kabaka aliyelalamika.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilipoivamia Lubiri, yaani ikulu hiyo ya Mengo, ala ziliteketea na wapigaji wakatawanyika. Sehemu ya muziki ule ilinusurika kwa sababu walikuwapo watu waliozoea kuuhamisha. Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ambaye pia alikuwa akionyesha ala katika Makumbusho ya Uganda, aliwafundisha wenyeji na wageni nyimbo hizo, na alijulikana kwa kuziweka pamoja ala ambazo kwa desturi hazikukaa jukwaa moja: fidla ya endingidi, filimbi, marimba, ngoma. Wapo waliomwona kama mtu anayevuruga. Leo kila kikundi cha ngoma kinachotumbuiza watalii na maharusi Kampala kinapiga kwa mchanganyiko wa namna hiyo, na tunauita utamaduni.

Kwenye magitaa hali ni hiyohiyo. Miaka ya 1960 studio zilikuwa Nairobi, na waimbaji wetu walikwenda kurekodi huko. Charles Sonko wa Uganda alikuwa ndani ya Equator Sound Band pamoja na Fadhili William na Daudi Kabaka, mahali ambapo twisti, rumba na Kiswahili vilichanganyika bila kuombana radhi. Huku Kampala, bendi ya ukumbi ilipaswa kuzijua rumba za Kongo, soul za Marekani na nyimbo za nyumbani, zote kwa usiku mmoja, la sivyo haikuitwa tena. Kwenye shule hiyo ndiko lilikotoka kundi la Afrigo, lililoanzishwa mwaka 1975 na ambalo Moses Matovu ameliongoza kwa sauti na saksofoni yake kwa miongo mingi. Leo bendi changa zinapiga kopi za Afrigo. Anayedai kopi inazuia utunzi anieleze basi nyimbo za Afrigo zilitoka wapi.

Sasa tuutazame uhamisho wenyewe kwa karibu, maana wengi wanaoubeza hawajawahi kuusikiliza. Uganda inapenda kantri kuliko inavyokiri. Jim Reeves, Dolly Parton na Kenny Rogers wanasikika redioni, kwenye harusi na kwenye teksi, na hakuna bendi ya Kampala inayothubutu kupanda jukwaani bila kantri mfukoni. Bendi moja niliyoisikiliza upande wa Kabalagala iliombwa ule wimbo wa Kenny Rogers wa mwaka 1977, Lucille, unaosimulia mke aliyemkimbia mume na kumwachia watoto wanne wenye njaa na mazao shambani. Wimbo huo unakwenda kwa mapigo matatu. Rumba inakwenda kwa manne. Huwezi kuuhamisha kwa kubadilisha dramu peke yake, kwani maneno yaliyokaa vizuri kwenye matatu yataning'inia hewani. Mwimbaji aliirefusha silabi ya mwisho ya kila mstari hadi pigo la tatu, akanyamaza, na pigo la nne akamwachia mpiga solo ajibu kwa noti chache za kushuka. Besi haikukanyaga pigo la kwanza kama kantri inavyotaka; ilisubiri, ikaingia nyuma kidogo. Mpiga dramu akaiacha ngozi na kugonga ukingo. Kufikia kiitikio meza zote zilikuwa zinaimba. Ndipo ikaja sebene, na mwimbaji akahamia Kiswahili, akawa anauliza mahindi yameiva, nani atavuna? Mwanamke mmoja karibu na spika akamjibu kwa sauti kubwa, "Mvune wenyewe!" Ukumbi ukaangua kicheko, na mwimbaji, ambaye hakuwa mjinga, akalifanya jibu hilo kiitikio kipya kwa dakika kadhaa. Kwenye rekodi ya Marekani mume ndiye anayehurumiwa. Kabalagala kesi ilifunguliwa upya, na safari hii mke alipata mawakili.

Hicho ndicho kinachofanywa na kopi inayovuka mtindo. Mtindo una msimamo wake kuhusu maisha. Kantri humweka mwenye huzuni peke yake kwenye kiti cha baa. Rumba humtoa hapo na kumweka katikati ya watu wanaocheza, na huzuni iliyochezwa na watu wengi haibaki ilivyokuwa. Rege huyafanya malalamiko yasikike kama hukumu. Kadongo kamu, kwa gitaa lake moja na masimulizi marefu, humfanya kila anayesikiliza kuwa mzee wa kikao anayepelekewa shauri. Ukiutoa wimbo katika mtindo mmoja na kuupeleka mwingine, unaujaribu: je, una mwili wa kusimama bila nguo ulizozaliwa nazo? Nyimbo nyingi huanguka. Zile zinazosimama tunajua kuwa zimetungwa, hazikupambwa tu na vyombo vya studio.

Na kuna jambo ambalo walinzi wa wimbo halisi hawaligusi. Kenny Rogers hakuutunga wimbo ule. Ni kazi ya Roger Bowling na Hal Bynum. Anayedai kwamba bendi ya Kabalagala imemwibia Kenny Rogers anamtetea mtu ambaye naye alikuwa akiimba maneno ya wengine, kihalali kabisa, huku watunzi wakilipwa. Tumezoea kudhani kwamba sauti ya kwanza kutufikia ndiyo mwenye mali. Sheria haidhani hivyo.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya fedha, nami siidharau. Afrika ina kidonda chake hapa. Mwaka 1939 Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi Mbube huko Johannesburg. Wimbo ukahamia Marekani, ukapigwa na Weavers miaka ya 1950 kwa mtindo wa folk, ukageuzwa pop na Tokens mwaka 1961, ukaingia kwenye filamu ya Disney mwaka 1994, ukawa miongoni mwa melodi zinazojulikana zaidi duniani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ilichukua kesi mahakamani hadi warithi wake wakafikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Mtunzi wa Kampala anayeisikia hadithi hiyo ana haki ya kukunja uso bendi inapoanza wimbo wake.

Lakini tuiweke hadithi hiyo kando ya nyingine. Mwaka 1974 Dolly Parton alitoa wimbo wa kantri alioutunga mwenyewe, I Will Always Love You. Elvis Presley alitaka kuuimba, lakini watu wake walidai nusu ya haki za utunzi, na Dolly akakataa. Mwaka 1992 Whitney Houston akauchukua, akaufanya soul, na ukakaa wiki 14 kileleni mwa chati ya Marekani. Wapo hapa Kampala wanaoapa kwamba ni wimbo wa Whitney. Dolly hana neno, maana kila ulipopigwa redioni yeye mtunzi alilipwa. Kitendo ni kilekile kwa wote wawili: mtu mwingine, mtindo mwingine, mafanikio makubwa kuliko ya mwanzo. Mmoja kikamtajirisha, mwingine kikamwacha mikono mitupu. Tofauti haikuwa kopi. Tofauti ilikuwa karatasi, nani alisaini nini na chama gani kilikuwa na jina lake kwenye daftari. Watunzi wetu wanaotaka bendi zinyamaze wanakimbiza kopi na kuliacha daftari, wakati daftari ndilo linalowanyima.

Sisi wa Kiswahili tunayo Malaika. Fadhili William aliirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Adam Salim wa Tanzania akasema ni yake, na ubishi haujaisha hadi leo. Miriam Makeba aliiimba, Harry Belafonte aliiimba, Boney M wakaipeleka disko mwaka 1981, Angélique Kidjo naye akaipa rangi yake. Bila kopi hizo wimbo ungebaki wa wazee wa Nairobi na Mombasa. Kilichoharibika ni kwamba wimbo ulisafiri mbali kabla wenyewe hawajakubaliana ni wa nani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kwamba kopi inaua ubunifu. Anayeisema hajawahi kuhesabu usiku mmoja wa bendi. Bendi ya baa hupiga kwa saa nne au tano. Hakuna kundi hapa nchini, changa au kongwe, lenye nyimbo zake zinazojulikana na kila meza za kuujaza muda huo, na mteja aliyelipia viti kumi vya harusi ya binti yake hataki majaribio. Kopi ndizo zinazolipa mafuta ya jenereta, nyuzi mpya na nauli ya boda ya saa nane usiku. Ndani ya saa hizo bendi makini hupenyeza nyimbo zake mbili tatu, hutazama miguu ya watu, hurekebisha, hurudi nazo wiki ijayo. Ukizifuta kopi, nyimbo mpya haziongezeki. Bendi inavunjika, na baa inaajiri DJ. Zaidi ya hapo, mpiga gitaa hujifunza kutunga kwa kuzifungua nyimbo za wengine na kuona zilivyofungwa. Atajuaje kwamba ubeti unaweza kukaa kimya kwenye pigo la nne kama hajawahi kuulazimisha wimbo wa mapigo matatu ukae kwenye manne?

Nakiri zipo kopi zinazochosha. Kuna bendi zinazoiga rekodi hadi kikohozi, mwimbaji akijilazimisha kupaza sauti ya puani kwa sababu mwenye wimbo alikuwa hivyo, kinanda kikitoa milio ileile ya studio ya mwaka ule. Hapo afadhali rekodi yenyewe. Lakini dawa ya kopi mbaya ni kopi nzuri, na mashabiki tunayo nguvu ya kuidai kwa kuacha kuuliza kwa nini haufanani na ule wa redio.

Swali linalonisumbua zaidi ni la heshima. Sheria haimpi mtunzi fedha peke yake; inampa pia haki ya kutajwa, na haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa. Je, kuubadilisha mtindo ni kuupotosha? Chukua mwimbaji wetu Philly Lutaaya. Mwaka 1989 alijitokeza hadharani kusema ana UKIMWI, wakati ugonjwa huo ulikuwa unatajwa kwa minong'ono, akazunguka mashuleni na makanisani akiwa anadhoofika, na Desemba ya mwaka huohuo akafariki. Nyimbo zake za Krismasi alizorekodi Sweden hupigwa kila Desemba kutoka Kisoro hadi Karamoja, na bendi zimezipeleka kila upande: rege, zouk, kwaya, injili ya kucheza. Sioni ubaya wowote, kwani nyimbo zile ni za furaha na furaha hubeba mavazi mengi. Lakini wimbo wake wa mgonjwa aliyeachwa peke yake na hofu, niliwahi kuusikia ukipigwa kwa kasi ya kuchezesha kiuno, watu wakinyanyua chupa. Hapana. Sitaki sheria iizuie bendi ile, maana mahakama si mahali pa kupimia ladha, ila kiongozi wa bendi alipaswa kujua. Kuvuka mtindo ni kuusoma wimbo, na aliyeusoma vile hakuusoma. Kwa upande mwingine, nimeusikia wimbo huohuo ukipigwa na saksofoni bila maneno, polepole, na hakuna aliyehitaji kuambiwa unahusu nini. Uhuru ni mmoja. Masikio ndiyo yanayotofautiana.

Wapo pia wanaosema kopi za kigeni zinazisukuma lugha zetu pembeni. Hii ina ukweli nusu. Kwenye baa nyingi za mjini Kiingereza na Kilingala vinakula usiku mzima. Lakini jukwaa hilohilo ndilo linalokipa Kiswahili pumzi Uganda. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na bado wapo Waganda wengi wanaokionea haya, wakikikumbuka kama lugha ya vizuizi vya barabarani na ya askari wa enzi zilizopita. Wapeleke watu haohao Kansanga usiku bendi ikipiga zilipendwa za Dar es Salaam na Nairobi, utawasikia wakiimba mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Hakuna sera ya elimu iliyowafikisha hapo. Jose Chameleone na wenzake walipoanza kuimba Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuta masikio yaliyokwisha kulimwa, na waliolima kwa miaka mingi ni wapiga kopi.

Kama niliyosema ni sahihi, basi marekebisho ya sheria yanapaswa kubanwa kwenye mambo ambayo hayana mvuto wa kelele. La kwanza ni orodha. Chama cha mirabaha kinapokusanya ada ya jumla kutoka baa, kinajuaje agawiwe nani? Kisipoletewa orodha ya nyimbo zilizopigwa, kitagawa kwa kufuata redio na televisheni, na hapo mtunzi ambaye wimbo wake unaishi kwenye baa, harusi na misiba hupata sifuri, huku kijana mwenye wimbo wa msimu akipata vyote. Bendi zetu tayari zinaandika orodha. Huwa imebandikwa kwenye nguzo ya maikrofoni kwa gundi ya karatasi: jina la wimbo kwa kifupi, ufunguo, nani anaimba. Kinachokosekana ni safu moja ya jina la mtunzi. Weka safu hiyo, mwenye ukumbi aiambatanishe na malipo yake ya leseni, na ubishi mkubwa kati ya watunzi na bendi unapungua kuwa kazi ya karani. Kwa nyimbo za nje, vyama hivi huwa na mikataba ya kubadilishana, kwa hiyo hata warithi wa watunzi wa mbali hawapotei.

La pili ni muda. Sheria ya 2006 inalinda utunzi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo haki za Lutaaya zina uhai hadi mwaka 2039, na za Paul Kafeero, bingwa wa kadongo kamu aliyefariki mwaka 2007, hadi 2057. Warithi wanastahili kulipwa kila Desemba na kila harusi katika kipindi hicho. Bendi inayopiga kopi kwenye ukumbi wenye leseni ni mfereji wa fedha hizo. Mwimbaji wa CD naye analeta ada ya ukumbi, lakini analeta jina moja tu, lake, na hamwajiri mpiga besi. Kama serikali inataka kweli ajira za wanamuziki, kama wasemavyo wanasiasa kila msimu wa uchaguzi, ingetazama leseni iwe nafuu kwa ukumbi unaoweka bendi kamili na ghali kwa tamasha la midomo. Sijaona pendekezo la namna hiyo likipewa nafasi, nadhani kwa sababu wenye matamasha makubwa ndio wanaoalikwa kwenye vikao.

Upande wa bendi nao una deni. Uhamisho wetu umekuwa wa njia moja mno: tunachukua kantri na kuileta kwenye rumba, tunachukua soul na kuipa ngoma, ila mali kubwa iliyoko mlangoni hatuigusi. Nyimbo za Kafeero, za Herman Basudde aliyefariki mwaka 1997, za Fred Masagazi na Elly Wamala zina masimulizi ambayo mtunzi yeyote wa Nashville, mji wa kantri, angeyaonea wivu, na bendi nyingi huzikwepa kwa sababu ni ndefu, zina maneno mengi na haziachi nafasi ya kupumzika kinywa. Zinapopigwa hukatwa, ubeti wa kwanza na kiitikio, basi. Huo ni uvivu. Wimbo wa kadongo kamu una mashahidi, una utetezi, una hukumu mwishoni, na ukikata katikati umemfunga mtu bila kumsikiliza. Naamini unaweza kubeba tarumbeta na saksofoni: gitaa moja liendelee na mwendo wake wa asili chini, shaba ziingie pale tu msimulizi anapobadilisha mhusika, besi inyamaze wakati wa hukumu. Bendi itakayoupiga wimbo wa namna hiyo wote, bila kuruka ubeti, Ijumaa usiku na baa imejaa, na iandike jina la mtunzi kwenye orodha yake, nitalipa kiingilio mara mbili.